Barua kwa mwanangu: buluu ya mshipa haimo kwenye damu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salaam. Hapa nyumbani sote wazima, na bibi yako kanituma nikwambie ule vizuri. Swali lako limefika. Umesema mlipojifunza kutoa damu darasani, mshipa wa mwenzako ulikuwa wa buluu, lakini damu iliyoingia chupani ilikuwa nyekundu ya kukoza, karibu na zambarau. Nawe ukijifunga mpira huoni buluu wala nini. Ukauliza nani hapo mwongo. Nakujibu kwa urefu, maana wiki ijayo unaingia wodini, na anayetafuta mshipa kwa rangi huwachoma watu bure.

Tuanze na damu yenyewe. Yapo maneno yanayozunguka hadi mashuleni kwamba damu ndani ya mwili ni ya buluu, ikigusa hewa ndipo hugeuka nyekundu. Chupa uliyoishika yatosha kuyafuta. Imenyonywa hewa kiwandani, ndiyo maana inavuta damu yenyewe bila bomba. Damu imetoka mshipani, imepita ndani ya sindano, imeingia chupani bila kuonana na hewa ya chumba, na imefika ikiwa nyekundu.

Wekundu huo ni wa himoglobini, kibeba oksijeni kilichomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Kila molekuli yake ina sehemu nne zenye chuma, na kila sehemu inabeba molekuli moja ya oksijeni. Ikijaa, damu inang'aa. Ikipungua, inakoza kama choya iliyochemshwa mno. Kwenye ateri (mishipa inayotoka moyoni) za mtu mzima wa afya imejaa asilimia 95 hadi 100. Kwenye vena (mishipa inayorudi moyoni), mtu akiwa ametulia, bado imejaa kama asilimia 70 hadi 75. Kwa hiyo hata hilo jina la "damu chafu" tulilokaririshwa halifai: damu ya vena bado ina oksijeni nyingi. Wala buluu ya kwenye michoro ya ukutani si rangi ya kitu, ni alama ya mchoraji. Ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni inabeba damu iliyokoza, na vena zinazorudi kutoka mapafuni zinabeba ile inayong'aa. Kwenye kitovu cha mtoto aliye tumboni ni hivyohivyo: vena moja yaleta oksijeni, ateri mbili zinarudisha damu kwenye kondo la nyuma. Mwalimu akikuuliza, jibu kwa njia damu inayopita, usijibu kwa rangi.

Ukitaka damu ya buluu kweli, mtafute pweza. Yeye hubeba oksijeni kwa himosianini, ambayo ina shaba mahali pa chuma, tena imeyeyuka ndani ya majimaji ya damu, haimo ndani ya chembe kama yetu. Ikiwa na oksijeni huwa ya buluu, ikiikosa haina rangi. Kaa na kamba nao wamo. Ila usitarajie kuiona vizuri kwenye pweza wa sokoni aliyekwisha pondwa. Ni nyepesi mno.

Sasa, ikiwa damu ya vena ni nyekundu, buluu inatoka wapi? Inatoka mahali pawili, kwenye ngozi na kwenye jicho, na usipoyashika yote mawili utabaki nusu njiani.

Ngozi kwanza. Usiku, taa zote zikizimwa, washa tochi ya simu na uibane kwa ncha ya kidole kwa sekunde chache (usikawie, taa hizo hupata moto). Mwanga unaotokea upande wa pili ni mwekundu mtupu. Tochi ilikuwa nyeupe, ina rangi zote. Ila nyingine zimekwama njiani. Mwanga mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 620 hadi 700 hivi, hauzuiwi sana na damu, hivyo unapenya milimita kadhaa ndani ya nyama. Wa buluu, wa nanomita 450 hadi 490, hunyonywa sana na himoglobini na hutawanywa sana na nyuzi za ngozi. Haufiki hata milimita moja kwa nguvu yoyote ya maana.

Chukua vena iliyolala milimita moja au mbili chini ya ngozi. Mwanga wa buluu unaingia, unazungushwa palepale juu, na kiasi chake kidogo kinarudi kwenye jicho bila kufika mshipani. Kwa hiyo palipo na mshipa na pasipo na mshipa, buluu inayorudi inakaribiana. Mwekundu unafika mshipani, na kwa kuwa mshipa ni mpana na umejaa damu, sehemu kubwa inamezwa humo. Juu ya mshipa, basi, wekundu unaorudi umepungua kuliko ngozi ya jirani, buluu haijapungua kwa kiasi hicho. Soma tena hapo, maana wengi hukosea: mshipa hauongezi buluu, unapunguza wekundu.

Kina ndicho kinachoamua. Vijishipa vya kwenye weupe wa jicho viko juu kabisa, mwanga wa buluu unavifikia na kumezwa, hivyo tunaviona vyekundu kama vilivyo. Kilicho chini mno hakionekani kwa rangi yoyote, maana hata mwekundu umetawanyika kabla ya kukifikia. Buluu ni ya mshipa wa kati na kati, usio juu sana wala chini sana.

Kutawanyika huko unaweza kukuona kwenye glasi. Weka maji mililita 200, tia nusu kijiko cha chai cha maziwa, koroga. Simamisha kitambaa cheusi nyuma ya glasi, mulika tochi kutoka ubavuni: maziwa yana ubuluu. Kisha iweke tochi nyuma ya glasi uitazame kupitia maziwa: imekuwa na rangi ya machungwa. Ukizidisha maziwa jaribio linaharibika, kila kitu kinakuwa cheupe. Moshi wa makumbi ya nazi nao ni hivyo, mbele ya mti wenye kivuli ni wa buluu, mbele ya mbingu ni wa kahawia. Na utakapokwenda kliniki ya watoto utakuta watoto wengi wetu wana doa la buluu-kijivu kiunoni au makalioni. Hakuna buluu pale. Ni melanini, rangi ya asili ya ngozi, ileile ya kahawia nyeusi, ila imekaa chini zaidi kuliko kawaida, na ngozi iliyo juu yake imeipa rangi. Doa hilo si dalili ya kupigwa, na kwa kawaida hufifia mtoto akikua. Liandike kwenye kadi yake mapema ili asije mtu akamshuku mama wa watu.

Jicho sasa. Mwaka 1996 Alwin Kienle na wenzake walichapisha vipimo vya mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi yenye mshipa na ngozi iliyo kando yake. Walichoonyesha ni kwamba hata juu ya mshipa unaoonekana wa buluu, wekundu unaorudi bado unaweza kuwa mwingi kuliko buluu. Ukiipima rangi ile peke yake, si buluu. Jicho haliipimi peke yake, linaipima kwa majirani.

Fanya hivi. Paka karatasi kwa penseli mpaka iwe kijivu sawasawa, kata kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, ukiweke katikati ya mji wa kanga ya rangi ya chungwa. Kijivu kitaelekea ubuluu. Kihamishie kwenye kanga ya buluu, kitaelekea ukahawia. Kipande ni kilekile. Ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi, asili ya rangi yake ni ya familia ya chungwa: kahawia si kitu kingine ila chungwa lililotiwa giza. Mshipa ulioporwa wekundu wake juu ya kanga ya namna hiyo utaonekana buluu tu, na kwa watu wenye ngozi ya manjano-manjano utaonekana kijani. Ukitaka kuhakikisha, toboa karatasi nyeupe tundu la milimita 3, liweke juu ya mshipa wa mwenzako ili ngozi ya kando ifichike. Buluu inachuja, inabaki rangi ya kijivu isiyo na jina. Tundu likiwa kubwa kuliko upana wa mshipa, ngozi ya kando inachungulia na jaribio halifanyi kazi.

Mbona ateri hazionekani? Nyingi zimelala chini zaidi, ni nyembamba kuliko vena inayofuatana nazo, na damu yake hainyonyi wekundu kiasi hicho. Kwenye nanomita 660, himoglobini iliyopungukiwa oksijeni hunyonya mwanga karibu mara kumi kuliko iliyojaa. Hapo ndipo upungufu wa oksijeni una mchango wake. Hautii buluu, unaufanya mshipa umeze wekundu zaidi.

Nije kwako wewe na mkono wako. Melanini imekaa kwenye tabaka la juu, na mwanga unalipita mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Ikiwa nyingi, tofauti ile ndogo kati ya mshipa na jirani yake inapotea kabla ya kufika kwenye jicho. Mshipa upo, upana wake uleule, damu ileile. Kama huamini, simama mbele ya kioo, inua ulimi: chini yake kuna vena mbili za buluu-zambarau kwa kila mtu, kwa kuwa pale melanini ni haba na utando ni mwembamba. Vitabu vingi vya kutoa damu vimechorwa kwa mikono ya Wazungu, na mwanafunzi wetu anajiona hajui kazi kwa kuwa haoni kilichochorwa.

Basi tumia kidole. Mkalishe mgonjwa, mkono umenyooka na kuegemezwa, kiganja juu. Kama ni mtu mzima mwamkie kwanza, "Shikamoo bibi, naomba mkono wako," umwulize jina lake kamili ulilinganishe na karatasi. Mkono ulioogopa ni wa baridi, na mkono wa baridi mishipa yake imesinyaa. Funga mpira vidole vinne hadi vitano juu ya mahali utakapochoma. Ubane kiasi cha kuzuia damu ya vena isirudi, lakini ateri iendelee kuleta. Ukigusa kifundo cha mkono, mapigo yawepo. Yakipotea umebana mno, na mshipa hautajaa kwa kuwa hakuna kinachoingia.

Tafuta kwanza mshipa wa katikati ya kiwiko, kisha ule wa upande wa kidole gumba. Wa upande wa kidole cha mwisho uwe wa mwisho kweli, maana karibu yake kuna ateri na neva (mshipa wa fahamu). Gusa kwa ncha ya kidole cha shahada, usitumie gumba, lina mapigo yake litakuchanganya. Bonyeza, achia. Vena inanesa, inarudi kujaa. Kano ni ngumu kama kamba ya katani na hainesi. Ateri inapiga. Ukiupata, ufuate sentimita mbili au tatu juu na chini ujue unaelekea wapi. Kuujua mshipa ulipo bila kujua uelekeo wake ndiko kunakofanya sindano ipite kando. Ukikuta kifundo kwenye mshipa, hicho ni vali, kilango cha ndani ya mshipa, kihame. William Harvey wa Uingereza alizitumia vali hizohizo mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu ya vena inakwenda upande mmoja tu: alifunga mkono, akausukuma mshipa kwa kidole kutoka vali moja hadi nyingine, na ile nafasi ikabaki tupu mpaka alipoondoa kidole. Unaweza kulifanya leo kwenye mkono wa mwenzako, yatosha mpira na vidole viwili.

Mshipa haupatikani? Ning'iniza mkono chini dakika moja mbili, uweke kitambaa cha uvuguvugu, mpe maji anywe kama hakukatazwa. Usimpige-pige kiwiko, na usimwambie afungue na kufumba ngumi mara nyingi. Kufanya hivyo kunapandisha potasiamu kwenye kipimo, na daktari atatibu ugonjwa usiokuwepo. Mpira usizidi dakika moja. Ukichukua muda kutafuta, fungua, pumzisha mkono, ndipo ufunge tena.

Safisha kwa spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe nusu dakika. Usipulize, usiguse tena. Spiriti mbichi inamchoma mgonjwa na kupasua chembe nyekundu. Sindano ya geji 21 (geji ni kipimo cha unene wake), ya kijani, ndiyo ya kawaida kwa mtu mzima. Kwa mishipa midogo 23, ya buluu. Vuta ngozi chini kwa gumba ili mshipa usikimbie, tundu la sindano liangalie juu, ingia kwa nyuzi 15 hadi 30. Kwa sindano ya kipepeo damu inatokea kwenye mrija ukishaingia. Kumbuka mrija huo una hewa: kama chupa ya kwanza ni ile ya kizibo cha buluu, tanguliza chupa ya kutupa, la sivyo hewa itakula nafasi ya damu, na chupa hiyo inataka sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa ya kuzuia damu isigande, isipungue. Baada ya buluu ni nyekundu, kisha kijani, zambarau, kijivu. Zambarau isitangulie nyekundu, dawa yake ina potasiamu na hushika kalsiamu. Geuza chupa za dawa polepole, ya zambarau mara 8 hadi 10. Kutikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi kunapasua chembe, na maabara wataikataa.

Damu isipotoka, usichokonoe. Sogeza mbele kidogo sana au rudisha nyuma kidogo sana, basi. Ikitoka damu inayong'aa na kusukuma kwa mapigo, umeingia ateri: fungua mpira, toa sindano, bana kwa nguvu dakika tano au zaidi, umwite msimamizi. Mgonjwa akisema umeme umemshuka mpaka vidoleni, umegusa neva. Toa mara moja. Mpira ufunguliwe kabla ya sindano kutoka, kisha bana pamba mkono ukiwa umenyooka. Wengi humkunjisha mgonjwa kiwiko, na ndipo damu huvilia. Damu iliyovilia nayo itaonekana buluu au nyeusi kwa ileile sababu ya kina, lakini baada ya siku kadhaa ikigeuka kijani kisha manjano, hizo ni rangi za kweli: himoglobini inavunjwa kuwa biliverdini ya kijani, kisha bilirubini ya manjano. Mara mbili ukikosa, mpe mwenzako. Si aibu.

Penginepo utakuta taa ya kutafutia mishipa. Inatumia mwanga usioonekana, ulio nje kidogo ya mwekundu, ambao melanini haiuzuii sana; kamera inausoma na mishipa inachorwa kwenye ngozi. Inakuonyesha mshipa ulipo, haikwambii umelala chini kiasi gani, hivyo kidole kinabaki.

Neno la mwisho ni kuhusu kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni, maana ni ndugu wa jambo hilihili. Wazo lake ni la Mjapani Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Kinamulika mwanga wa nanomita 660 na 940 na kulinganisha unaopita. Melanini inakichanganya. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulitazama wagonjwa ambao kifaa kilisoma asilimia 92 hadi 96, kisha damu ya ateri ikapimwa: vilivyoonyesha kweli chini ya 88 vilikuwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi na 3.6 ya vya weupe. Kwa hiyo mgonjwa wetu akisomwa 93 huku anahema kwa tabu, amini kuhema. Na aliyelala na jiko la mkaa chumba kimefungwa anaweza kusomwa 98 huku anakufa, kwa kuwa kifaa hakitofautishi oksijeni na gesi ya mkaa iliyoing'ang'ania himoglobini.

Ubuluu wa kukosa oksijeni usiutafute kwenye ngozi. Tazama ulimi, fizi, na ndani ya mdomo wa chini, mchana karibu na dirisha; taa za wodini nyingine zina ubuluu wake. Unajitokeza pale himoglobini isiyo na oksijeni inapofika kama gramu 5 kwa desilita. Mtoto mwenye jumla ya gramu 6 kwa sababu ya malaria hawezi kuufikisha hata akiwa taabani, kwa hiyo ulimi wake kuwa mweupe tu usikutulize. Hesabu pumzi zake dakika nzima.

Baba yako anakusalimu sana. Ile kanga ya chungwa iko kwenye mfuko wa pembeni, chini ya ubuyu.

Wasalaam,
Mama yako